Kukubali si kuvumilia: jibu langu kwa wazee wa kikao cha Jumapili

Najua nimepotea. Zamu za usiku zimefuatana kama behewa za treni, na baridi ya Brussels mwaka huu haina haya hata kidogo. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimerudi Bongo kimyakimya. Sijarudi, nipo. Nilichokosa ni nguvu, ila leo nimepata hasira, na hasira nayo ni nguvu ya aina yake. Anayetaka zile picha za Grand-Place na taa zake nilizoahidi, anivumilie hadi wiki ijayo.

Basi bwana, Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao chetu cha Wabongo wa hapa Brussels na vitongoji vyake. Ajenda ilikuwa mchango wa msiba, na tukaumaliza vizuri tu, watu wametoa. Tukafika kwenye "mengineyo". Mnaovijua vikao vya ughaibuni mnajua kwamba mengineyo ndiyo kikao chenyewe. Akasimama mzee mmoja ninayemheshimu sana, mtu wa watu, anayekwenda kuwapokea wageni uwanja wa ndege wa Zaventem kwa gari yake bila kudai hata senti ya mafuta. Akasema binti yake, ambaye ana miaka 21, amehama nyumbani na kupanga kachumba ka wanafunzi. Anakwenda kwa mwanasaikolojia kila wiki, na huko ameambiwa kwamba baba yake alimnyanyasa.

"Nimemleta Ulaya, nimemsomesha, leo ananiambia anahitaji kupona. Apone nini? Niulizeni kama nimewahi kumgusa hata kwa kofi!"

Ni kweli. Hajawahi kumgusa. Binti mwenyewe ananiambia hivyohivyo. (Si mgonjwa wangu, na nimempa asome haya yote kabla sijayaweka hapa. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha asitambulike.)

Kikao kikaamua haraka haraka: binti aje, apige magoti, aombe radhi, yaishe. Na aliyepewa kazi ya kumleta ni mimi, "dada nesi", kwa kuwa tunaelewana naye. Halafu mama mmoja, tena msomi, akamalizia hivi: "Na si wenyewe mnasema tiba yake inaitwa ya kukubali? Basi akubali!" Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi, kwa aibu yangu, nikatabasamu nikanyamaza. Ninayoandika hapa ndiyo niliyotakiwa kuyasema pale, kama ningekuwa na ujasiri.

Nianze na hilo la kofi. Huyu binti alikuja kwa baba yake akiwa na miaka 12. Alichokuta si fimbo. Alikuta kuitwa "mzigo" mezani mbele ya wageni. Ripoti ya shule ikisomwa kwa sauti sebuleni ili watu wacheke alama zake za Kifaransa, lugha aliyoanza kuijifunza miezi minne tu kabla. Akiambiwa ana sura ya mama yake "aliyenishinda". Na kubwa kuliko yote ni ukimya. Akikosea kitu, baba anaacha kumsemesha wiki mbili, wiki tatu. Asubuhi anasimama mlango wa jikoni anasema shikamoo. Kimya. Anarudia. Kimya. Ndugu zangu, nyinyi mnaojua uzito wa marahaba katika nyumba ya Mswahili, hebu jiwekeni pale mlangoni mkiwa na miaka 12. Mtoto anaamkia mpaka anachoka, kisha anabeba mkoba anakwenda kupanda tramu.

Hilo lina jina. Serikali yetu wenyewe inaliita ukatili wa kihisia, hakulileta mzungu kwenye sanduku. Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ikishirikiana na UNICEF, CDC ya Marekani na Muhimbili, na matokeo yakatangazwa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa mambo waliyopitia utotoni, na karibu robo yao, wasichana kwa wavulana, walisema mtu mzima aliwafanyia ukatili wa kihisia: kuwatukana, kuwaambia hawapendwi, kuwatishia kuwatelekeza. Mwaka huohuo wa 2009 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mtoto, na kifungu cha 13 kinakataza adhabu na matendo ya kumdhalilisha mtoto, yanayoumiza mwili au akili yake. Huku nako, ibara ya 22bis ya Katiba ya Ubelgiji, iliyoongezwa mwaka 2000, inamlinda mtoto kimwili, kiakili na kimaadili. Sasa mzee wangu, ukiuliza "nilimpiga mimi?" unajibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza.

Na wahenga, ambao kikao chetu hupenda kuwanukuu wakiwa upande wa wazee tu, walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mbona hiyo siku hiyo hakuna aliyeikumbuka?

Tuje kwenye tiba yenyewe, maana hapa ndipo kicheko cha ukumbi kilipoanzia. Wenyewe huiita ACT. Muasisi wake ni Steven Hayes, profesa wa saikolojia wa Marekani, na kitabu chao cha kwanza kikubwa, alichoandika na wenzake wawili, Strosahl na Wilson, kilitoka 1999. Huyu Hayes hakuianza kwa kukaa maktaba. Mwaka 1978, akiwa mhadhiri kijana, alipatwa na mshtuko wa hofu katikati ya kikao cha idara, mdomo ukafunguka sauti isitoke. Ameeleza hadharani kwamba miaka baadaye alikumbuka alivyokuwa akijificha chini ya kitanda, mtoto mdogo, baba yake mlevi akigombana na mama yake chumba cha pili. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hii ni tiba ya watu wasiojua nyumba zenye kelele.

Wazo lake ukilitoa koti la kisomi ni hili. Mtu aliyelelewa kwa masimango hukua na sauti kichwani. Sauti inasema huna akili, wewe mzigo, hakuna atakayekutaka. Kila mtu mwenye akili timamu atajaribu kuifukuza. Atafanya kazi kupita kiasi, au atakunywa, au hataolewa, hataomba kazi, hatanyanyua mkono darasani, ili mradi asiisikie. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu kichwa cha binadamu hakifukuzi wazo kwa amri. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na dubu akajaa vichwani mwao. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi kutofikiria pilau. Umeona?

Basi badala ya kupigana na sauti, unafundishwa kuiona kuwa ni sauti. Husemi "mimi sina akili". Unasema "nina wazo linaloniambia sina akili". Mnaweza kudhani ni mchezo wa maneno, na mimi nilidhani hivyo mara ya kwanza nilipokaa kwenye kundi la vijana pale wodini, maana nesi huwa tunamsaidia mwanasaikolojia kuendesha vikundi. Kuna zoezi la kulichukua lile neno lililokuumiza na kulirudia haraka haraka kwa nusu dakika hivi, mpaka linabaki mlio tu. Nimeona kijana mwenye mwili wa bondia akilia kwenye zoezi hilo, kisha akacheka, kisha akauliza kama anaweza kwenda nalo nyumbani.

Wana mfano wao wa dereva wa basi, mimi nikiwaeleza Wabongo naugeuza uwe daladala. Wewe ni dereva, unakwenda Kariakoo. Nyuma kuna abiria wakorofi wanapiga kelele: kata kushoto, simama, hujui kuendesha wewe! Unaweza kusimamisha gari ugombane nao mpaka jioni. Unaweza kuwatii, ukaishia Mbagala ambako hukutaka kwenda. Au unaweza kuwaacha wapige kelele zao, wewe ukashika usukani na kwenda Kariakoo. Kelele zipo, zinaudhi, na hakuna anayekuambia uzipende.

Huko ndiko kukubali, jamani! Kukubali kwamba jambo lilitokea, liliuma, na uchungu wake upo kifuani leo. Hakuna mahali popote katika tiba hii mtu anaambiwa akubali kwamba jambo lilikuwa sawa. Nadhani kosa ni la lugha kwa kiasi fulani. Kiswahili chetu kimelipa neno kukubali mzigo mkubwa: kukubali posa, kukubali kosa, kukubali yaishe. Ningepewa mimi kutafsiri ningeiita tiba ya kupokea. Mgeni amebisha hodi, unamwambia karibu, anakaa barazani, wewe unaendelea kukatakata vitunguu vyako. Hujampa hati ya nyumba.

Na nusu ya pili ya tiba, ambayo yule mama msomi hakuifikia, ni kutenda. Unaulizwa: maisha yako unataka yasimamie nini? Kisha unachukua hatua kuelekea huko, hata sauti ikipiga kelele. Kwa huyu binti hatua ya kwanza ilikuwa kuhama. Mnayoiita jeuri ndiyo tiba ikifanya kazi yake. Kumwambia "akubali" kwa maana ya arudi akanyamaze ni sawa na kumpa mgonjwa chupa ya dawa ukiwa umemwaga dawa na kujaza maji ya bomba.

Hapa nitasema kitu ambacho wenzangu wa kazini hawatakipenda. Hata huku wapo wataalamu wanaoitumia vibaya. Nimewahi kumsikia mmoja (simtaji, wala mahali simtaji) akimwambia kijana wa Kiafrika "aupokee" utamaduni wake, wakati kijana alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ileile anakotukanwa kila jioni. Hiyo ni hatari. Nyumba ikiwaka moto humfundishi mtu kupumua taratibu, unamtoa nje kwanza. Kupokea ni kwa uchungu uliokwisha kuingia, si kwa mkono unaoendelea kuchoma. Na mtu anayesimangwa kazini kwa rangi yake asiambiwe apokee, asaidiwe kuandika malalamiko.

"Hiyo tiba ya wazungu." Haya, twende Uganda. Huko Rhino Camp, makazi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa nchi, Shirika la Afya Duniani na washirika wake walijaribu programu yao ya Self-Help Plus, iliyojengwa juu ya tiba hii hii. Wanawake 694 wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14. Hapakuwa na makochi ya ngozi wala daktari mwenye ndevu. Vipindi vitano vya sauti iliyorekodiwa, kijitabu cha michoro, wanawake wamekaa pamoja, na mwongozaji ni mtu wa kawaida aliyefunzwa kwa muda mfupi. Matokeo yalichapishwa 2020 katika Lancet Global Health: miezi mitatu baadaye waliopitia vipindi walikuwa na dhiki ndogo kuliko wale ambao hawakupitia. Nafuu yenyewe haikuwa ya miujiza, sitawadanganya, na vita ni kitu kingine na masimango ya sebuleni ni kitu kingine. Lakini msiniambie mwanamke wa Kiafrika hawezi kutumia tiba hii, wakati aliitumia akiwa amekaa kwenye mkeka.

Sasa ile hoja kubwa, ile inayopigiwa makofi: "Mbona sisi tulitukanwa na tumekuwa watu?"

Tumekuwa watu gani? Nijitoe mfano mwenyewe. Nililelewa Tanga na shangazi yangu. Alikuwa akiniambia kichwa changu ni nazi mbovu, ukikitikisa unasikia maji tu. Alisema hivyo kila siku ya Mungu, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua itanyesha. Nazi mbovu ikaenda Muhimbili, ikachukua shahada ya uuguzi, ikajifunza Kifaransa ukubwani, ikapita makaratasi yote ya Ubelgiji mpaka ikapata kibali cha kufanya kazi. Na hadi leo nikipima insulini usiku wodini naangalia dozi mara tatu. Mara ya kwanza ni utaratibu, mara ya pili ni mwenzangu anahakiki. Ya tatu ni ya shangazi. Miaka minane nikikataa kuomba nafasi ya unesi mkuu kwa sababu yake, na nikiwaambia watu kwamba sipendi makaratasi.

Na shangazi huyohuyo ndiye aliyeamka saa kumi usiku kukaanga vitumbua ili nilipe ada. Nampenda na nimemlilia alipofariki. Hili ndilo wazee wanaloogopa, nadhani, kwamba tiba itamlazimisha mtoto achague moja: mzazi malaika au mzazi shetani. Kinyume chake! Mimi ni baada ya kuacha kupigana na ile sauti ndipo nilipoweza kushika vitumbua na nazi mbovu katika mkono mmoja. Vijana wa mitandaoni wanaotaka kila mzazi aitwe sumu na akatwe kabisa, nao nina ugomvi nao, ila si leo.

Mwaka 1998 madaktari Felitti na Anda walichapisha uchunguzi wao wa San Diego, zaidi ya watu wazima 9,000, wengi wao watu wa tabaka la kati wenye bima, yaani "waliokuwa watu". Moja ya maswali lilihusu mzazi kukutukana na kukushusha. Kadiri mtu alivyobeba mateso ya aina nyingi utotoni, ndivyo walivyokuta ulevi, sonona na magonjwa ya moyo yakizidi ukubwani. Kwa hiyo tumekuwa watu, ndiyo. Watu wenye shinikizo la damu.

Na wanaosema mtoto akikua atasahau, wasiende mbali, wapande basi hadi mahakamani hapahapa Brussels. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliitia hatiani dola ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, katika kesi ya wanawake watano waliozaliwa Kongo enzi za ukoloni, mama Waafrika, baba wazungu. Walichukuliwa kutoka kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka saba, wakapelekwa kwa masista wa misheni ya Katende, Kasai, ambako waliishi kama watoto wa dhambi. Walishindwa mahakama ya chini mwaka 2021, wakakata rufaa, wakashinda, euro 50,000 kila mmoja. Walikuwa bibi wa miaka sabini na ushee. Siwalinganishi na binti wa kikao chetu, yale yalikuwa mambo ya dola. Ninachosema ni kwamba miaka sabini haikutosha kusahau. Kila siku tunapita Matonge tunalaani walichofanyiwa, na ni haki yetu. Kisha tunarudi kwenye kikao tunamwambia mtoto wetu wa miaka 21 ayasahau ya juzi, tena apige magoti.

Kwa vijana mnaosoma hapa na mnajificha nyuma ya majina ya bandia, mambo mawili ya haraka. Tangu Februari 2024, huku Ubelgiji aliye chini ya miaka 24 halipi kitu kwa mwanasaikolojia aliye kwenye mpango wa huduma ya kwanza, na sisi wakubwa mara ya kwanza ni bure, kisha euro 11. Muulize daktari wako wa familia akuelekeze, na usikate tamaa na foleni. Ukitaka kuongea na mtu tu, piga 107 kwa Kifaransa, au 103 kama bado ni mdogo, na kwa Kiholanzi ni 106 na 102. Bongo mtoto apige 116.

Nirudi kwa wazee wangu. Shikamooni. Mlinituma, na mjumbe hauawi. Nimefikisha ujumbe kama ulivyo, nimekaa na binti kwenye kachumba kake, tumekula ugali kwenye sahani moja kwa sababu sahani anayo moja. Sikumwambia akubali. Nilimuuliza anataka nini. Akafikiri muda mrefu. Akasema hataki kesi, hataki pesa, wala hataki baba yake aaibishwe mbele za watu kama yeye alivyokuwa akiaibishwa. Kupiga magoti hatapiga. Lakini kuamkia wazee ni kitu chake, amelelewa nacho na anakipenda, na hataki kunyang'anywa na mtu yeyote, hata na huzuni yake mwenyewe.

Kwa hiyo Jumapili ijayo atakuja. Nilikuwa nimepangiwa zamu ya mchana, nimebadilishana na mwenzangu, nitamlipa kwa usiku wa Krismasi. Tutapanda tramu pamoja, tutakaa karibu na mlango. Ataingia, atamwambia baba yake shikamoo. Amesema atasema mara moja tu.